Kasri la hewa liliwalalia watoto siku ya Wazazi

Lubumbashi, tarehe 4 Agosti 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi wa bustani ya michezo

KUHUSU: Yaliyotokea tarehe 1 Agosti kwenye michezo ya watoto wadogo

Bwana Mkurugenzi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Katuba. Ijumaa tulikuja kwenu watu sita: mimi, mume wangu, nkambo wa watoto, binti yangu wa miaka 7, na mapacha wangu wa miaka 4, Kyungu na Kabange. Unajua siku ya Wazazi inavyokwenda hapa kwetu. Asubuhi tulikuwa makaburini, tukang'oa majani na kufagia kaburi la baba mkwe wangu. Mchana ni wa wazazi walio hai, na nkambo mwenyewe ndiye aliyesema kwamba mwaka huu hataki kukalishwa nyumbani na sahani ya kuku, anataka kuona wajukuu wakicheza.

Saa tisa hivi mapacha waliingia kwenye lile kasri kubwa la hewa la watoto kurukia, jekundu na njano. Nilihesabu watoto 17 ndani. Wengine walikuwa wakubwa, wa miaka 11 au 12, wanaruka kwa nguvu katikati ya watoto ambao jana tu walikuwa wanabebwa mgongoni. Sikupenda. Nikatafuta mtu wa kumwambia, nikamkuta kijana mmoja anayefunga watoto bangili za karatasi. Akanijibu kwa heshima kwamba yeye kazi yake ni bangili tu.

Ndipo umeme ukakatika. Sikulaumu kwa umeme, mji huu sote tunaujua. Lakini kasri lile linasimama kwa sababu feni inalipuliza bila kupumzika, maana hewa inatoka kwenye mishono muda wote. Feni ikizimika, linalala. Kwanza muziki ulinyamaza. Halafu nikasikia mvumo wa feni unashuka, unashuka, mpaka kimya. Minara ya mbele ikainama kama migomba iliyokatwa, ikaziba mlango, na vilio vya watoto vikaanza kusikika kama vinatoka chini ya godoro.

Mume wangu alipiga magoti akainua mlango kwa mgongo wake, mimi nikaingia kwa tumbo. Mle ndani mwanga ulikuwa mwekundu, joto, harufu ya plastiki na ya soksi. Niliita Kyungu, akaitika. Niliita Kabange, kimya. Nikaita tena. Nilimkuta kwenye kona, chini ya msichana mkubwa aliyekuwa analia kwa kuwa hawezi kuinuka, na ukuta umewalalia wote wawili. Mwanangu alikuwa ameuma ukosi wa shati lake, macho wazi, halii. Nilipomvuta nje ndipo alipolia, nami nikakaa chini kwenye vumbi maana miguu ilikataa.

Watoto wote 17 walitolewa na wazazi. Hakuna mfanyakazi wenu aliyeingia. Jenereta iliwaka baadaye, na taa za kwanza kurudi zilikuwa za baa.

Msimamizi alipofika alituambia hivi: «Mama, tulia, hakuna aliyekufa.» Bwana Mkurugenzi, asubuhi ile ile nilikuwa nimesimama kaburini. Neno hilo silimezi. Ndilo lililonikalisha chini niandike, kuliko hata hofu yenyewe.

Mume wangu ni fundi umeme, naye alizunguka nyuma kutazama. Waya wa feni ulikuwa umeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa kipande cha mfuko, pale pale watoto wanapovua viatu. Kamba zilizoshika kasri chini zilikuwa tatu, moja imefungwa kwenye mwembe. Tumesoma kwamba huko Ulaya kanuni za michezo hii zinataka nanga zisizopungua 6, na upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa watoto watolewe. Na hapa Lubumbashi mwezi wa nane ndio huu, upepo na vumbi. Siku ile umeme ulililaza. Siku nyingine upepo utaliinua na watoto ndani.

Kuna mengine madogo: noti yangu ya dola 20 iliyokataliwa kwa mpasuko wa pembeni usiofika hata nusu sentimita, na chakula cha nkambo mwenye ugonjwa wa sukari kilichozuiwa getini. Hayo nayasamehe. Na niseme haki ya mtu: mama anayeendesha farasi wa kuzunguka aliacha kazi yake, akaleta maji, akakaa na nkambo mpaka mikono yake ikaacha kutetemeka. Kama unatafuta mtu wa kuwafundisha wengine, unaye tayari.

Ninachoomba ni hiki. Kasri lile lisifunguliwe tena mpaka awepo mtu mzima anayesimama mlangoni muda wote, anayehesabu watoto na kutenga wakubwa na wadogo, na anayejua kuwatoa mara feni inapozimika. Feni iwe na jenereta yake, iliyo tayari, isiyongoja baa. Waya ule ubadilishwe na kamba ziongezwe. Pia msimamizi azungumze na wazazi wa watoto wale, kwa mdomo wake mwenyewe. Fedha za tiketi tutazungumza baada ya hapo.

Kabange tangu Ijumaa hakubali kulala mlango ukiwa umefungwa. Jana usiku nililala sakafuni karibu naye.

Bangili sita za karatasi na tiketi zetu ninazo, nikiitwa nitakuja nazo. Nangoja jibu lako la maandishi mpaka tarehe 18 Agosti. Nisipolipata, nakala ya barua hii nitaipeleka ofisi ya komini, pamoja na picha alizopiga mume wangu.

Kwa heshima,

Mama wa mapacha, Katuba