Barua ya Mwisho wa Muhula wa Pili kwa Wazazi wa Kidato cha Kwanza na cha Pili

Busia, Uganda, Agosti 2025

Wapendwa wazazi na walezi,

Salamu nyingi kutoka shuleni. Muhula umefungwa salama na watoto wamekabidhiwa kadi zao za ripoti. Kabla hamjaanza kuuliza nani amekuwa wa ngapi, naomba mnisikilize kwanza, kwa sababu mengi yaliyoandikwa kwenye kadi hizo yalianza mbali na chumba cha mtihani.

Nianze na furaha. Mliofika Jumatatu ya Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, mliona wenyewe. Wanafunzi wa Kidato cha Pili walikuwa wamepewa mradi wa kuchunguza ni nini kinachomsaidia mwanafunzi wa rika lao kujifunza na ni nini kinachomkwamisha. Waliwahoji wenzao wa Kidato cha Kwanza chini ya miembe wakati wa mapumziko, wengine kwa Kisamia, wengine kwa Kiteso, kisha wakayaandika yote kwa Kiswahili. Siku yenyewe walituletea ngonjera, igizo fupi na taarifa iliyosomwa na binti ambaye mwaka jana, alipokuja kutoka darasa la saba, alikuwa hawezi kujibu swali bila kuziba mdomo kwa kiganja. Alisimama mbele ya wazazi na maofisa wa elimu, akasoma kurasa zake zote bila kutetereka. Nimefundisha miaka mingi, na siku ile nilijivunia kazi hii kuliko kawaida. Walimu wa Kiswahili, nawashukuru hadharani.

Waliyoyasema watoto hayakuwa mambo ya kutungwa. Walisema kwamba katika PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, walikuwa na masomo 4, na walipoingia kwetu wakakuta 12, yaani 11 ya lazima na moja la kuchagua, kila moja na mwalimu wake na namna yake ya kufundisha. Walisema wengine hawaelewi Kiingereza cha mwalimu lakini wanaona aibu kuuliza, kwa sababu wenzao watacheka. Walisema mwalimu anayemjua mtoto kwa jina humfanya atamani kuja shule hata siku ya mvua. (Maneno hayo nimeyapeleka kwenye chumba cha walimu na yamebandikwa ukutani.) Wasichana walisema, bila kuficha, kwamba wapo wanaobaki nyumbani siku za hedhi kwa kukosa pedi. Nawashukuru akina baba ambao hawakuinamisha vichwa waliposikia hayo. Pedi ni kifaa cha shule sawa na kalamu, na baba anayenunua daftari anunue na hiyo.

Usingizi nao ulitajwa mara nyingi. Mwalimu wa baiolojia alieleza pale pale kwamba mwili wa kijana aliyebalehe huchelewa kuleta usingizi usiku, na kwamba wataalamu wanashauri vijana wa umri huu walale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Sasa mtoto anayefunga kibanda cha chipsi usiku wa manane, kisha akaamshwa alfajiri kuchota maji na kufagia uwanja, atatoa wapi saa hizo? Akifika kwangu anasinzia kwenye hesabu, na nyumbani anaitwa mvivu. Sisemi watoto wasifanye kazi za nyumbani. Nasema zigawanywe, hata wavulana wachote maji, na ikifika saa tatu usiku mtoto aachwe alale.

Sasa kuhusu hizo kadi. Kundi la kwanza la mtaala mpya lilianza Kidato cha Kwanza mwaka 2020, likafanya UCE, mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne, mwaka 2024, na matokeo yakatoka Februari mwaka huu. Hakukuwa na divisheni. Kila somo lilipewa herufi, kuanzia A hadi E. Asilimia 20 ya alama hutokana na kazi ambazo mwanafunzi anazifanya shuleni na walimu wake, na asilimia 80 hutokana na mtihani wa UNEB, yaani Baraza la Mitihani la Uganda. Bado wapo wazazi wanaoniambia, “Mwalimu, Kidato cha Nne bado mbali, mwache mtoto atulie kwanza.” Hapo ndipo tunapopotezana. Kazi za kikundi, miradi, kueleza jambo kwa ushahidi, yote hayo mtoto anajifunza kuyafanya akiwa Kidato cha Kwanza na cha Pili. Mwalimu wa Kidato cha Tatu hana muhula wa ziada wa kuyarudia. Daftari la rafiki linaweza kunakiliwa jioni, lakini jaribio la kemia lililofanywa na kikundi siku ya Jumanne halinakiliki.

Ndiyo maana jambo ninaloliandika sasa limeniuma.

Mwezi Juni nilipokea barua za ruhusa kutoka kwa wazazi wa wavulana watatu wa Kidato cha Pili. Zote zilisema mtoto ana malaria. Malaria ni ugonjwa tunaoujua vizuri hapa Busia, na hakuna mwalimu anayeuchukulia kwa mzaha. Tuliwaombea wale watoto kwenye paredi. Wiki hiyo hiyo mwalimu wetu mmoja aliwakuta kwenye njia za panya, wamevua sare, wanasukuma baiskeli zilizopakiwa magunia kuelekea upande wa pili wa mpaka. Niliwaita wazazi. Mmoja hakuja. Mwingine alikuja akaniambia kwamba mtoto anajifunza kazi na kwamba shule hailishi mtu.

Mzazi huyo nilimjibu ofisini, na nyinyi wengine nawajibu hapa. Mtoto wa miaka 14 anayebeba magendo hajifunzi biashara. Anajifunza kukimbia askari. Mwenye mali anamtumia kwa sababu ni mtoto, anajua akikamatwa atahurumiwa, na kesho akivunjika mguu mwenye mali hatamjua. Zaidi ya hilo, kuna ile barua. Mtoto aliiona ikiandikwa. Alikaa mezani akamtazama mzazi wake anavyoandika uongo na kutia sahihi, kisha akatumwa auwasilishe kwa mwalimu. Ninaposimama mbele ya mtoto huyo kumfundisha ukweli, nasimama na nini?

Na hili halihusu mpaka peke yake. Walimu wa zamu wameniletea majina ya wanafunzi wanaokosa masomo kila siku ya soko, na ya wengine wanaoonekana kwenye mashimo ya dhahabu huko Tiira. Mnajua kinachotumika kukusanya dhahabu ile. Ni zebaki, na watoto wanaishika kwa mikono mitupu, wanavuta mvuke wake ikichomwa. Zebaki huharibu mishipa ya fahamu na figo, na kijana ambaye ubongo wake bado unakua huumia zaidi. Hakuna mzazi atakayeniambia kwamba elfu chache za siku moja zinalipa hilo.

Mmoja wenu alinisihi niwachape wale vijana mpaka wakome. Sitafanya hivyo, na sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza viboko shuleni. Isitoshe, waliotumwa si wa kupigwa kwa ajili ya waliowatuma. Wavulana hao watarudi wakiandamana na wazazi wao, na watafanya kazi walizokosa kila Jumamosi asubuhi chini ya mwalimu. Kuanzia muhula ujao barua ya ugonjwa haitapokelewa bila kitabu cha kliniki. Mwanafunzi akikosa siku tatu mfululizo bila taarifa, mwalimu wa darasa atafika nyumbani kwenu, na asikute mlango umefungwa.

Karo. Nusu ya muhula nilisikia “mwisho wa mwezi, mwalimu,” na mwisho wa mwezi ukapita mara tatu. Wapo wenye maduka mazuri barabarani ambao watoto wao walisoma bure kwa jasho la wajane waliolipa kidogo kidogo kila Ijumaa. Jambo hilo halitaendelea. Salio lote lilipwe kabla ya kufungua. Anayekwama kwa kweli, aliyefiwa, anayeuguza, ambaye mazao yake yamekauka, aje aniambie ana kwa ana kabla sijamwita, tutapanga. Tunapokea pia mahindi na maharagwe, yaliyokauka vizuri.

Na chakula cha mchana kisichanganywe na karo. Sheria ya Elimu ya 2008 inampa mzazi jukumu la kumlisha mtoto wake. Watoto wanaokula uji saa nne na posho, yaani ugali, saa saba wanaandika mpaka kengele ya mwisho. Wasiolipiwa wanazunguka nyuma ya madarasa wakijifanya hawana njaa, na kipindi cha mchana kinapita bila wao. Mwalimu mwenye macho anawatambua kwa mwandiko tu.

Choo cha wasichana kimekamilika. Netiboli walicheza vizuri. Simu bado haziruhusiwi. Nywele zipunguzwe.

Tunafungua Jumatatu, Septemba 15. Mkutano wa wazazi wa vidato hivi viwili utakuwa Ijumaa, Septemba 19, saa tatu asubuhi, na wanafunzi wa mradi watasoma tena taarifa yao kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo Julai. Ninawataka baba na mama. Atakayeshindwa kabisa amtume mtu mzima wa nyumbani anayeweza kuamua jambo na kutia sahihi, asimtume kaka wa Kidato cha Nne.

Wenu katika kazi ya kulea,

Mwalimu Mkuu