Akiba ya maji ipimwe kabla mifereji haijakauka

Mhariri,

Katika milima ya magharibi mwa Marekani, wakulima na wasimamizi wa mabwawa hupima theluji na kujua, kabla ya joto kuingia na kuiyeyusha, ni kiasi gani cha maji kitakachoteremka mitoni, nami mkazi wa Likoni, ninayesikilizia mlio wa mkokoteni wa maji kila asubuhi, nawaonea wivu.

Mpimaji hudidimiza bomba jembamba katika theluji mpaka liguse ardhi, kisha hulitundika kwenye mizani pamoja na theluji iliyomo, kwa kuwa uzito ndio unaoonyesha maji. Kina peke yake hudanganya: sentimita 10 za theluji changa huweza kutoa takriban sentimita 1 tu ya maji, ilhali theluji kongwe iliyoshindiliwa hutoa mara tatu au nne ya hapo. Aliyeijengea njia hii msingi mwanzoni mwa karne ya 20, James Church wa Nevada, alikuwa mwalimu wa Kilatini, si mhandisi.

Sisi hatuishi kwa theluji. Akiba yetu ni mvua inayonywewa na miamba ya volkeno ya vilima vya Chyulu na kuibukia kwenye chemchemi ya Mzima, linakoanzia bomba la kuja Mombasa. Naomba wanaohusika watutangazie, kila masika na vuli zinapokwisha, mvua iliyonyesha Chyulu na kasi ya chemchemi hiyo, kwa Kiswahili na kwa redio, ili mwenye tangi ajue lini alijaze.

Msomaji,
Likoni, Mombasa