Mwanangu, soma riwaya hizo, na kitabu cha historia kiwe karibu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote wazima, na bibi yako mguu unaendelea vizuri, anakusalimu sana. Barua yako imefika. Kumbe huko India, Pune, mabishano ya bwenini ni makali! Mwenzako mmoja anasema riwaya ya Midnight's Children ni matusi kwa viongozi wa nchi yake, mwingine anashikilia kwamba yote yaliyomo yalitokea kweli, nawe unaniuliza umwamini nani. Miaka yote niliyofundisha historia, swali hilo ndilo nililotamani wanafunzi waniulize.

Salman Rushdie alitoa riwaya hiyo mwaka 1981. Msimulizi wake, Saleem Sinai, anazaliwa Bombay saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 15 Agosti 1947, India inapopata uhuru. Saa hiyo ni ya kweli; watoto 1,001 wenye vipaji vya ajabu ni wa kubuni. Hapo hakuna anayepotea. Ila ukifika mahali Saleem anapokiri kwamba kifo cha Mahatma Gandhi amekiweka tarehe isiyo yake, soma polepole. Gandhi aliuawa Delhi tarehe 30 Januari 1948, hilo halina ubishi. Saleem anajua amekosea, na bado anaacha kosa lilivyo. Kwangu mimi huo ni uungwana wa mwandishi: anakwambia wazi kwamba anayesimulia ni mtu, na kumbukumbu ya mtu huteleza. Kwa hiyo tarehe zitafute kwingine. Maktaba ya chuo haitakosa kitabu cha historia cha Ramachandra Guha, India After Gandhi. Kiazime, ukiweke karibu.

Hata hivyo usiipuuze hasira ya mwenzako. Mwaka 1984 Indira Gandhi, akiwa Waziri Mkuu, alimshtaki Rushdie huko Uingereza kwa sababu ya sentensi moja iliyomgusa yeye, mwanawe Sanjay na kifo cha mumewe. Sentensi hiyo ikaondolewa, na nadhani ilistahili. Mtu aliye hai, ukimtaja kwa jina na kumtwika jambo zito namna hiyo, huwezi kujificha nyuma ya neno "riwaya". Lakini angalia pia alichokiacha Indira: yale makali yote yaliyoandikwa juu ya utawala wake hakuyapeleka mahakamani.

Mwandishi Rohinton Mistry alipita njia nyingine. Katika riwaya yake A Fine Balance ya mwaka 1995, Waziri Mkuu hatajwi jina kabisa, na mji ni mji tu ulio kando ya bahari, ingawa kila msomaji anautambua. Kisa kinaanza mwaka 1975. Juni ile Mahakama Kuu ya Allahabad ilibatilisha ushindi wa Indira Gandhi wa ubunge, na tarehe 25 ikatangazwa hali ya hatari iliyodumu miezi 21. Wapinzani walitiwa ndani, magazeti yakakaguliwa kabla ya kuchapwa, mitaa ya maskini ikabomolewa. Watumishi wa serikali walipangiwa idadi ya watu wa kufungwa kizazi, na katika mwaka wa 1976–77 waliofanyiwa upasuaji huo walizidi milioni 8.

Idadi hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi, wanafunzi wakainakili, tukaendelea na somo. Kwa Mistry huwezi kuendelea. Ishvar, fundi cherehani, amerudi kwao na Om, mtoto wa marehemu ndugu yake, kwa sababu ya ndoa ya kijana. Wako sokoni, wanakamatwa, wanapelekwa kwenye mahema ya upasuaji. Ishvar anasihi kijana aachwe, hajaoa bado. Hawasikilizwi, kwa kuwa idadi haijatimia. Ishvar na Om hawakuwahi kuishi, lakini walichotendewa walitendewa watu halisi, wenye majina yao wenyewe, na hao hakuna faili lililotuhifadhia walichosema siku ile. Ndiyo maana siwezi kukubali anayesema riwaya hizi ni porojo.

Baada ya hizo tafuta Tamas, riwaya ya Kihindi ya Bhisham Sahni. Kama Kihindi chako hakijafika huko, tafsiri za Kiingereza zipo. Sahni alizaliwa Rawalpindi na aliziona kwa macho yake fujo za kidini za mwaka 1947, India ilipogawanywa, lakini hakuanza kuiandika mpaka alipoushuhudia mji wa Bhiwandi, karibu na Bombay, baada ya ghasia za mwaka 1970. Inaanza na Nathu, mchuna ngozi maskini, anayehangaika usiku kucha kumuua nguruwe. Amelipwa rupia 5, ameambiwa daktari wa mifugo anamhitaji. Asubuhi mzoga unakutwa kwenye ngazi za msikiti, na mji unalipuka.

Ukimaliza, niandikie unavyomhukumu Nathu, na uniulizie huyo mwenzako mwenye hasira naye anasemaje.

Mama yako