Zuhura, kalamu iweke chini kwanza

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo. Sukari ya mama yako imetulia, ila mguu bado unamsumbua akisimama sana jikoni. Ninaandika kwa mkono wangu, Hamisi atapiga picha akutumie, kwa sababu kwenye simu tunakatana maneno na mwisho wake unasema "sawa baba" bila kunisikia.

Habari ya chuo nimeipata kwa shangazi yako, si kwako. Imeniuma, lakini tuiache. Ameniambia unataka kusomea usaidizi wa kisheria, ile shahada ya miaka miwili wanayoiita asosieti, kwenye chuo cha binafsi cha mtandaoni, jumla dola 34,000, na mkopo unasaini Ijumaa. Zuhura, usisaini Ijumaa.

Sikukatazi kusoma. Nimekaa masjala ya mahakama miaka 31, na mtoto wangu anataka kazi ya mafaili ya sheria huko Columbus, Marekani! Siku niliyosikia nilikwenda barazani kujisifu, chai yangu ikiwa haijaisha. Kazi hiyo unaiweza. Wewe husoma karatasi mpaka mstari wa mwisho wakati wenzako wanaishia katikati. Basi na hii ya mkopo isome hivyo hivyo, maana sijasikia kwa shangazi yako kwamba umeisoma.

Ujue kwanza unanunua nini. Huku kwetu msaidizi wa kisheria ni kama yule mama wa kata aliyetusaidia mirathi ya babu yako: sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 inamtambua, watu wanamheshimu, mshahara hana. Huko ni mtu wa ofisi, chini ya wakili. Anaandaa hati, anatafuta kesi za nyuma, anapanga vielelezo, anachunga tarehe za kuwasilisha. Kumshauri mteja kisheria haruhusiwi, kumsimamia mahakamani haruhusiwi. Majimbo mengi hayadai leseni, kwa hiyo atakayeipima karatasi yako ni wakili mwenye ofisi. Kama wakili huyo hakijui chuo chako, au anakijua kwa ubaya, umekwisha.

Hamisi amenisaidia kutafuta takwimu za ajira za serikali ya huko. Mwaka 2024 msaidizi wa kisheria wa katikati, yaani nusu ya wenzake wako juu yake na nusu chini, alipata dola 61,010 kwa mwaka. Wewe na kazi yako ya msaidizi wa muuguzi kwa wazee, wa katikati wenu alikuwa karibu dola 39,500. Tofauti hiyo ndiyo wanayokuonyesha wale wa chuo wanaokupigia simu. Lakini ukishuka chini kwenye ukurasa ule ule, katika kila wasaidizi wa kisheria kumi, mmoja hafiki hata dola 40,000. Na anayeanza, mwanangu, huanzia huko chini. Inaweza kuwa mwaka wa kwanza unapata kile kile unachopata leo, na rejesho la mkopo juu yake. Tena wanasema idadi ya kazi hizo haitarajiwi kukua. Nafasi nyingi ni za wanaostaafu na wanaohama. Na ofisi nyingine siku hizi zinataka shahada ya miaka minne.

Kaka yako Bodi ya Mikopo inamkata asilimia 15 kila mwezi, na yeye kazi anayo. Muulize anavyojisikia akiona karatasi ya mshahara.

Kuna mzee mmoja wa Pongwe alikuja dirishani kwangu na hati mkononi. Chini kulikuwa na dole gumba lake, wino wa zambarau, limebonyezwa vizuri kabisa. Aliniomba nimsomee alichokikubali. Nikamsomea taratibu, na nyumba ilikuwa imo. Kesi ilishafunguliwa. Alinishukuru, akaikunja ile hati mara nne, akaitia mfukoni. Kila nikifikiria Ijumaa yako ninakiona kidole kile.

Sasa sikiliza. Una grini kadi, kwa hiyo jaza fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa serikali wa ada, uone unastahili nini. Ruzuku ya Pell mwaka wa masomo 2025-26 inafika mpaka dola 7,395, na hairudishwi. Vyuo vya jamii, vile vya umma, ada yake kwa mkazi wa eneo ilikuwa wastani wa dola 4,050 kwa mwaka 2024-25. Ukipata ruzuku hata nusu yake, ada karibu yote imelipika, deni liko wapi? Kisha fungua orodha ya programu zilizoidhinishwa na ABA, chama cha mawakili cha huko, utafute chuo kilicho karibu nawe. Na uliza kwa maandishi, si kwa simu: nikitaka kuendelea na miaka minne, masomo haya yatapokelewa wapi? Asosieti nyingine zimetengenezwa kwa ajili ya kazi tu, ukihamia chuo kikuu unaanza upya nusu ya masomo. Chuo kinachokuambia ofa inaisha Ijumaa hakitapenda swali hilo. Huko vyuo vya binafsi vya Corinthian vilianguka 2015, vya ITT 2016, wanafunzi wakabaki na madeni, mpaka serikali yenyewe ikaja kuwafutia baadaye. Walisaini nao.

Juzi nilikuwa natafuta karatasi za kiwanja sandukuni nikaikuta ile risiti ya chuo cha hapa, kile tulicholipa kabla ya kuuliza kama kimesajiliwa. Muhuri bado unasomeka. Kuuliza kungekuwa safari moja tu ya basi. Sikumwonyesha mama yako, nimeirudisha chini.

Jambo jingine ambalo sidhani wamekuambia. Wizara ya Sheria ya huko huidhinisha watu wasio mawakili kuwawakilisha wahamiaji, mradi wawe chini ya shirika lisilo la faida linalotambuliwa. Shahada ya sheria si sharti. Wewe una Kiswahili, na wakimbizi wa Kongo wanaokizungumza wamejaa majimbo mengi. Nenda kwenye shirika la namna hiyo, jitolee siku zako za mapumziko, uone kama kazi yenyewe unaipenda kabla hujailipia. Ila usimjazie jirani fomu za uhamiaji kwa malipo ukiwa peke yako. Hilo linaweza kuwa kosa, na kwa mwenye grini kadi sitaki hata kulifikiria.

Hamisi anaanza mtihani wa majaribio wiki ijayo, anajifanya hana wasiwasi. Mlango wa uani mchwa wameumaliza, nimeegemeza ubao. Mbuzi wa mama yako kazaa pacha, mmoja dhaifu, analala naye jikoni.

Bati nimeshanunua sita, bado nne, na mvua za vuli hazijachanganya. Kwa hiyo ile fedha ya bati usitume mwezi huu wala ujao. Iweke iwe ada ya muhula wa kwanza kwenye chuo cha jamii. Chumba cha mbele tutaweka ndoo, tumezoea. Nipigie Alhamisi, hata kama ni usiku wa manane huku nitapokea.

Baba yako