Risala ya wapondaji kokoto wa Miritini kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, chifu wetu, wazee wa mtaa, viongozi wa dini, kina mama na kina baba, asalam aleykum, Bwana asifiwe, na waliobaki hamjambo.

Karibu sana machimboni kwetu. Tunajua viatu ulivyovaa si vya huku lakini umeshuka mpaka shimoni na hilo tumeliona, maana kuna waliotangulia waliishia barabarani wakatupungia mkono wakiwa ndani ya gari.

Historia haichukui muda. Tulianza kina mama saba na nyundo tano chini ya ule mkorosho ambao sahivi haupo, umeenda na maji, tutafika hapo. Leo tuko 46. Mafanikio ni mengi mno: wilbaro nne (moja iko kwa fundi), choo cha kisasa cha milango miwili, akaunti ya benki, na mivinje 60 tuliyopanda, 23 bado imesimama na sisi tunaiita msitu. Kokoto zetu zimejenga kutoka hapa mpaka Mikindani, ukiona gorofa usiulize, weka tu kuwa ni letu.

Sasa mheshimiwa tuje kwa kilichotuweka hapa. Maji.

Mvua hatuna ugomvi nayo. Shida ni maji ya mtaa mzima wa juu, ya mabati na ya barabara, hayana pa kupita ila kuteremkia kwa shimo letu, yanakula ukingo, yanaangusha udongo, yanaacha tope. Piga hesabu mwenyewe, mvua ya milimita 50, na masika hapa Mombasa hiyo inaweza kushuka siku moja, ikianguka kwa ekari moja tu ni zaidi ya lita laki mbili, yaani bowza 20 za lita elfu kumi zimwagwe kwa mpigo, na huko juu yetu si ekari moja. Kuna mama yetu mmoja huchora mstari wa makaa kwa nguzo ya banda kila maji yakipanda. Mstari wa mwaka jana unamfika kifuani, na yeye si mfupi.

Kokoto za wiki tatu zikizikwa na tope fundi hazitaki, na ana haki, saruji haishiki kokoto yenye udongo. Basi tipa inarudi tupu ama tunanunua maji ya mtungi tuzioshe. Maji yametuharibia alafu maji tunayanunua! Na tope haliishii hapa, linashuka na korongo mpaka kwa mikoko, wavuvi wanatulaumu na hatuna la kujibu, maana wote tunajua ya hori ya Mwache, ile mvua ya El Nino ya 1997 mpaka 1998 tope lilifunika mizizi ya mikoko inayopumulia, miti ikafia imesimama.

Dawa yake si ya ajabu. Maji ya juu yasiingie kabisa, yakingwe na mtaro upite pembeni mwa shimo, mwinamo wake uwe mdogo, na ndani yake mawe yapangwe mahali mahali yakate mbio za maji. Mvua itakayoanguka ndani ya shimo iende kwa mabwawa mawili yanayofuatana, kwa sababu mchanga unazama upesi lakini udongo mlaini unaweza kuelea siku nzima na zaidi, bwawa likiwa moja dogo unapita tu. Mwisho kabisa, pale maji yanapotoka shimoni, gabioni, yale makasha ya waya yanayojazwa mawe. Mawe hatuombi mheshimiwa, mawe umeyakalia. Tunaomba waya za gabioni na eskaveta siku nne na dizeli yake. Kuzoa tope kwa mabwawa kila baada ya msimu ni kazi yetu, mabeleshi tunayo.

Tena hatuoti. Hapo Bamburi, kwa machimbo ya kiwanda cha saruji, palikuwa jangwa la mawe, mtaalamu wa kilimo Dr. Rene Haller akaanza na miche ya mivinje 1971, leo watu wanalipa kiingilio kwenda kutazama twiga. Sisi twiga hatutaki.

Kwa heshima zote, ombi hili ni la mara ya tatu. Mgeni rasmi wa kwanza aliandika kwa kitabu cha wageni "nimeona, nitashughulikia" na sahihi kubwa ajabu, kitabu kikalowa mvua ya Aprili, jina likafutika likabaki "nitash". Wa pili alituletea tisheti, ndizo hizi tumevaa, tunamshukuru. Na eskaveta akaileta kweli, tukapiga vigelegele, picha zikapigwa, ikachimba kama hatua kumi hivi, jioni ikaondoka ati imeitwa kazi ingine. Sasa mtaro wa hatua kumi ni afadhali usingekuwepo, unakusanya maji vizuri alafu unayamwaga palepale kwa banda. Ule mkorosho ulianguka mwaka huo.

Leo ni Februari, mwezi wa tatu ukiisha masika iko mlangoni. Kwa iyo ahadi hatuombi, tunaomba tarehe. Kitabu cha wageni kiko mezani, safari hii tumekitia nailoni, na peni ni ile ya wino usiotoka. Pilau itapakuliwa baada ya kusaini.

Ni sisi wanakikundi.