Twiga wa Malindi asitufiche mfalme aliyempokea

Mhariri,

Nimesoma makala mliyochapa juu ya twiga wa Malindi aliyefikishwa China mwaka 1415, na mimi mzaliwa wa hapa nilifurahi kuona kisa hicho hakijasahaulika. Lakini kuna jambo linaniuma tangu nilipokuwa nikifundisha. Kila tukisimulia habari hii, mfalme aliyempokea yule twiga tunampamba kama mzee mpole aliyetuma merikebu za amiri wake Zheng He ng'ambo kutafuta urafiki tu. Hakuwa hivyo.

Zhu Di, ambaye zama zake ziliitwa Yongle, alikuwa mtoto wa nne wa mwasisi wa nasaba ya Ming. Ufalme hakuurithi, aliunyakua. Mwaka 1399 aliasi dhidi ya mtoto wa kaka yake, na mwaka 1402 akaingia Nanjing, mji mkuu wa wakati huo. Ikulu ikaungua, na mfalme yule kijana hakuonekana tena. Mwanachuoni Fang Xiaoru alipokataa kumwandikia tangazo la kutawazwa, aliuawa yeye na jamaa zake. Aliyekipata kiti kwa njia hiyo anahitaji sana ishara za mbinguni. Ndipo akaja twiga wetu, na maafisa wakamwona kuwa ndiye qilin, mnyama wa heri anayejitokeza zama za mtawala mwadilifu.

Sasa tuiache bahari. Mwaka 1406 majeshi yake yaliingia Vietnam, na mwaka uliofuata akaifanya jimbo la China. Mvietnam Le Loi alianzisha vita vya ukombozi mwaka 1418, na hadi 1427 Wachina walikuwa wameshindwa.

Lakini moyo wa Yongle ulikuwa kaskazini. Mwaka 1409 jeshi alilolituma dhidi ya Wamongolia liliangamizwa, akaamua kwenda mwenyewe. Alikwenda mara 5: 1410, 1414, 1422, 1423 na 1424. Mara mbili za kwanza alishinda; ile ya 1414 alimpiga Mahmud, kiongozi wa Waoirati, yaani Wamongolia wa magharibi, kwa msaada wa mizinga. Mara tatu za mwisho alikuwa akimsaka Arughtai, kiongozi wa Wamongolia wa mashariki, ambaye kila jeshi lilipokaribia alihama na watu wake na mifugo yake akatokomea nyikani.

Kwa msafara wa 1422 peke yake, kumbukumbu za Ming zinataja punda 340,000, mikokoteni 117,573 na watu 235,146 wa kuikokota, yaani wawili kwa kila mkokoteni. Hao si askari, Mhariri. Ni raia waliotolewa makwao kupeleka nafaka ya jeshi, nchi ileile ikiwa imetoka kujenga mji mkuu mpya wa Beijing, kuchimbua upya Mfereji Mkuu na kugharimia merikebu. Waziri wa hazina, Xia Yuanji, alikuwa na ujasiri wa kumwambia mfalme kwamba nchi imechoka na safari hiyo isifanywe. Akatiwa gerezani. Waziri wa vita, Fang Bin, alijiua.

Yongle alifariki Agosti 1424 njiani akirudi kutoka nyikani, Arughtai hajaonekana. Mwanawe alimtoa Xia gerezani, na alipotawazwa mwezi uliofuata alisimamisha safari za baharini. Baadaye ilifanyika moja tu, ya 1431 hadi 1433. Kwa hiyo anayeuliza kwa nini merikebu ziliacha kuja pwani yetu asiishie kutazama bandarini, aitazame pia ile mikokoteni.

Na nyika yenyewe haikutulia. Mwaka 1449, huko Tumu, kitukuu cha Yongle, naye akiwa mfalme, alishikwa mateka vitani. Aliyemshika ni Esen, mjukuu wa Mahmud yule aliyepigwa mwaka 1414.

Naomba mtakapoandika tena juu ya twiga, mumpe Xia Yuanji japo aya moja. Wanafunzi wetu wanamjua Zheng He kwa jina. Huyu hawajawahi kumsikia.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Malindi