Rubani akighairi kutua mwacheni apae

Mhariri, naomba kanafasi.

Masika haya nilikuwa natoka Dar kwenda Mwanza, msibani. Ndege ilivoanza kushuka nje hakuna kitu, weupe mtupu, mvua inapiga dirisha, mara nachungulia chini naona ziwa, yani mawimbi kabisa na povu lake na matairi yashatoka. Injini zikanguruma tukapandishwa juu ghafla. Mama wa kiti cha pembeni akanikamata mkono, hata hatujuani, hakuuachia mpaka tumetua.

Kilichoniudhi ni watu wa nyuma. "Rubani gani huyu, kutua tu kunamshinda!" Mwingine eti ana kikao saa nne. Tumezunguka kama nusu saa mvua ikapita tukatua salama, na bado watu wanashuka wanamsonya yule dada mhudumu, utadhani konda kawapitisha kituo.

Jamani, kuna kimo ambacho rubani akikifika haoni njia ya kurukia, anatakiwa apae, sio hiari wala sio aibu. Na juu ya maji ndo pabaya zaidi, hamna mti wala paa la nyumba la kukuonyesha umebakiza kiasi gani. Machi 2017 ndege ya WestJet ilitoka Toronto kwenda Sint Maarten huko Karibi, ikakuta mvua hivohivo, taa za uwanja zimewashwa hafifu, marubani wakaona jengo la hoteli pembeni wakajua ndo uwanja wenyewe. Wakashuka mpaka futi 40 juu ya bahari, mita 12 hivi, ghorofa ya nne tu ya pale Kariakoo! Mtambo wa tahadhari ulishapiga kelele mara mbili, ndo wakapaa. Watu 164 wakapona, na walivorudi tena baadae wakatua vizuri tu.

Ya Bukoba sina haja ya kuyachimba, 6 Novemba 2022, ndege imetoka hapahapa Dar, watu 43, hali ya hewa mbaya, ikaishia ziwani na 19 wakafa.

Lawama yangu kwa mashirika ni moja tu: mkishapaa, mtu aongee kwenye spika. Sisi tulikaa kama dakika kumi bila kuambiwa neno, na kwenye huo ukimya ndo maneno yote yale yalipozaliwa.

Msafiri,
Tabata, Dar es Salaam